Aliyeachia ukuta: shajara ya mradi wa bakteria katika samaki wasafishaji

12 Septemba

Safari ya kwanza ya vizimbani, pwani ya magharibi ya Norwei. Mvua, upepo, na ndoo mbili za barafu zilizorudi zimejaa samaki wasionifaa kitu.

Kwa msomaji anayeanzia hapa: samoni wanaofugwa baharini husumbuliwa na chawa aitwaye Lepeophtheirus salmonis, anayewaganda mwilini na kula ute, ngozi na damu. Sheria za Norwei zinataka wastani usizidi chawa jike aliyekomaa 0.5 kwa kila samaki, na majira ya kuchipua, samoni wachanga wa mwituni wanaposhuka kutoka mitoni, kiwango hushushwa hadi 0.2. Dawa nyingi zimepungua makali kwa sababu chawa wamekuwa sugu. Ndipo wafugaji wakaanza kutia vizimbani samaki wengine wanaodonoa chawa hao. Wanaozalishwa kwa kazi hiyo ni wa aina mbili hasa: Labrus bergylta, na huyu ninayemchunguza mimi, Cyclopterus lumpus, ambaye hapa huitwa rognkjeks. Jina la Kiswahili hana, na sishangai, maana makazi yake ni maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini. Kwenye daftari langu namwita kibonge.

Jina linamfaa. Ni mviringo, hana magamba, ngozi yake imejaa vinundu vigumu, na mapezi yake ya tumboni yameungana yakawa kikombe cha kunyonyea. Kibofu cha hewa hana, kwa hiyo kuogelea kutwa nzima kunamchosha. Anachopenda ni kujibandika mahali akapumzika. Wafugaji humpenda kwa sababu huendelea kula hata maji yakishuka hadi nyuzi 4 au 5, wakati mwenzake Labrus hupooza na kujificha baridi ikizidi.

Tatizo ni vifo. Mattilsynet, mamlaka ya chakula ya nchi hii, iliendesha ukaguzi maalumu wa samaki wasafishaji mwaka 2018 na 2019. Vifo vilivyoripotiwa vilikuwa karibu asilimia 40, na hao ni wale tu waliookotwa wakahesabiwa. Swali langu ni dogo kuliko hilo: miongoni mwa wanaokufa kwa bakteria, ni bakteria gani, na waliwapata wapi?

Leo nimeokota mizoga kumi na minane kutoka kwenye mfuko wa wafu chini ya kizimba. Kibonge huoza upesi ajabu. Nilipofungua wa tatu, figo ilikuwa uji.

16 Septemba

Sahani zote zimeota! Agari ya damu, ute mgumu wa kuoteshea bakteria, imefunikwa na koloni kubwa za kijivu zinazong'aa, na TCBS, agari inayowapendelea Vibrio, nayo haikubaki nyuma. Nimemwandikia msimamizi wangu kwa furaha kwamba nimempata muuaji siku ya nne tu. Mashine ya MALDI-TOF, inayotambua bakteria kwa protini zao, inasema Vibrio splendidus, sahani baada ya sahani.

Jibu lake lilikuwa sentensi moja: chukua sampuli ya ndoo yako pia.

20 Septemba

Nimechukua sampuli ya ndoo. Na ya barafu, na ya glavu zangu, na ya ngozi ya kibonge mzima ambaye hana tatizo lolote. Vibrio splendidus kote. Bakteria huyu na jamaa zake wamejaa baharini. Samaki akishakufa huingia kupitia utumbo na matamvua, na kwa kuwa huota haraka, hufunika sahani kabla ya mwingine yeyote kuonekana. Siwezi kusema kwamba hana hatia kabisa, kwa sababu samaki aliyechoka anaweza kuuawa hata na bakteria wa kawaida. Ila kumkuta ndani ya mzoga wa siku mbili hakunieleza chochote kuhusu kifo chenyewe.

Sahani zote thelathini na sita nimezitupa. Hazikustahili hata kupigwa picha, ingawa nilizipiga.

28 Septemba

Mfanyakazi mmoja wa vizimbani, mzee asiyependa maneno mengi, ndiye aliyenipa njia. Aliniambia nisitazame wafu, nitazame ukuta. Kibonge mzima hujibandika kwenye mwani wa plastiki waliowekewa kizimbani kama maskani, na ukimvuta anavutana nawe. Aliyeanza kuumwa huachia. Utamwona anaelea pembeni, mkia umelegea, hajali ukimwekea wavu mbele ya uso.

Basi sasa nachukua hao tu: walio hai, walioachia. Tunawaua palepale kwa kipimo kikubwa cha trikaini, dawa ya usingizi ya samaki, tunapangusa ngozi kwa ethanoli, kisha nafungua tumbo kwa mkasi uliochomwa moto. Utumbo unasogezwa bila kutobolewa (rahisi kuandika), na figo inaonekana imelala chini ya uti wa mgongo, nyeusi na laini. Kitanzi kinaingia mara moja, kinapakwa kwenye sahani hapohapo juu ya sitaha, mgongo wangu ukiwa kinga ya mvua. Kila samaki anapata agari ya damu yenye chumvi asilimia 2 na sahani ya TCBS. Inkubeta iko nyuzi 15, na sahani hazitatupwa kabla ya siku ya kumi.

Samaki tisa leo. Wanne wana vidonda vya ngozi, wawili wana utando mweupe kuzunguka macho, watatu kwa nje hawana kitu.

2 Oktoba

Siku ya nne. Sahani nyingi ni tupu. Baada ya msitu wa mwezi uliopita, agari nyekundu isiyo na kitu inanitia wasiwasi. Nimejizuia kufungua inkubeta zaidi ya mara mbili kwa siku.

5 Oktoba

Siku ya saba, na kuna kitu. Sahani tano zina koloni ndogo mno, mviringo, nyeupe inayoelekea kijivu, zilizo ngumu kidogo ukizigusa kwa kitanzi. Ningezitupa sahani hizi siku ya tatu, kama nilivyokuwa nimepanga awali, nisingejua kamwe kwamba zilikuwapo.

Vipimo vya mezani, nilivyoviongeza hapa siku chache baadaye: Gramu hasi, vijiti vifupi, haviogelei chini ya hadubini. Oksidesi chanya. Kidonge cha O/129, ambacho huzuia Vibrio wengi, hawakijali. Nikawaotesha kwenye agari yenye rangi ya Coomassie na koloni zikageuka buluu iliyokolea. Kwenye mchuzi wa lishe hawafanyi ukungu kama bakteria wengine. Wanashikana wenyewe kwa wenyewe na kuzama chini kama chenga, mchuzi juu yao ukibaki mwangavu.

Anayefahamu bakteria wa samaki ameshamtambua. Buluu na chenga ni dalili za tabaka A, koti la protini linalomfunika Aeromonas salmonicida na kumsaidia kukwepa kinga ya samaki. Bakteria huyu ana historia ndefu: Emmerich na Weibel walimweleza mwaka 1894 kutoka kwa samaki trauti wa Ujerumani. Yule wa kwao ndiye aina ya kawaida, anayesababisha furunkulosi kwa samoni na kutoa rangi ya kahawia kwenye agari. Wa kwangu hatoi rangi hata baada ya siku kumi, na huota taratibu. Hao huitwa aina zisizo za kawaida, jina la ovyo kwa kundi ambalo katika vibonge ndilo la kawaida hasa.

17 Oktoba

MALDI-TOF imekubali jina la spishi, lakini chini ya hapo haisemi kitu cha kuaminika. Kwa hiyo tumesoma jeni ya vapA, ile inayotengeneza protini ya tabaka A. Jeni hii ina kipande kinachobadilika sana baina ya koo za bakteria, na kwa kipande hicho watafiti wamezigawa katika makundi yenye namba za Kirumi. Samaki wasafishaji wa Norwei hubeba karibu kila mara aina ya V na ya VI. Zangu zote tano: VI.

Wale wawili wenye utando mweupe machoni walikuwa kesi nyingine. Kwao kumeota koloni za kijivu, na majibu yamesema Pasteurella, bakteria wa jenasi nyingine. Mmoja wao alikuwa na Aeromonas pia. Samaki mmoja, wauaji wawili. Sijui jedwali langu la matokeo nitalipangaje.

Nimeulizwa na mwenzangu wa maabara kama vibonge ndio wanaowaambukiza samoni Pasteurella, kwani tangu 2018 samoni wa pwani hii nao wamekuwa wakiugua ugonjwa huo. Ni dhana inayokuja haraka kichwani, hasa kwa kuwa wanaishi kizimba kimoja. Lakini jenomu, yaani DNA nzima ya bakteria, zimetofautisha: aina inayokutwa kwa samoni si ile ya vibonge. Hili silifuatilii zaidi, mradi wangu hauna nafasi.

9 Novemba

Leo ni aibu tupu. Nilipotoa aina zangu za bakteria kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ili nizioteshe upya, nilikuta mirija kumi na minne haina maandishi. Kalamu niliyotumia huyeyuka kwa ethanoli, na mimi mwenyewe ndiye niliyeipangusa mirija kwa ethanoli kabla ya kuigandisha. Mikono safi, akili mbovu.

Msimamizi hakunigombeza. Alifungua droo yake, akanipa penseli na karatasi ndogo za kunata zinazovumilia baridi, akarudi kwenye kompyuta yake. Ningependa angenigombeza.

Aina nane nitaweza kuzitambua tena kwa kuwa sahani zake za awali bado ziko kwenye jokofu. Sita zimepotea kama ushahidi: najua ni bakteria gani, sijui wametoka kwa samaki yupi.

4 Desemba

Vipande vya tishu vimerudi. Hapa ndipo mradi umepinda, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Kwanza, wengi wa samaki hawa walichanjwa. Vibonge huchanjwa kitaluni, yaani wanakozalishwa, wakiwa na uzito wa gramu kumi hivi, kwa sindano ya tumboni yenye bakteria waliouawa waliochanganywa na mafuta. Mafuta hayo hukaa tumboni kwa muda mrefu ili kinga iendelee kuchokozwa. Nilipokuwa nikiwafungua juu ya sitaha niliona matone meupe na viungo vilivyoshikamana, nikaandika daftarini, nikidhani ni vinundu vya seli za kinga zinazozingira bakteria: "granuloma nyingi tumboni, ugonjwa mkali." Sasa hadubini inanionyesha matundu ya duara ambamo mafuta yalikuwa kabla ya kuyeyushwa na dawa za kuandaa tishu, yakiwa yamezungukwa na seli za uvimbe. Ni alama ya chanjo, si ya ugonjwa. Nusu ya maelezo yangu ya vidonda vya tumboni nayafuta.

Kosa hilo lilikuwa na pacha. Nilikuwa nimependekeza tuache kuotesha bakteria na kupima figo moja kwa moja kwa PCR, kipimo kinachosaka DNA ya bakteria, kwa kuwa ni haraka. Msimamizi alikataa na sikuelewa sababu. Chanjo ina bakteria waliokufa, na waliokufa bado wana DNA. PCR ya samaki aliyechanjwa inaweza kunipa jibu chanya kutoka kwenye sindano ya kitaluni. Sahani ya agari haina shida hiyo: aliyekufa haoti.

Pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Katika figo, wengu na moyo wa wale samaki watano kuna granuloma za aina nyingine. Hazina matundu ya mafuta. Katikati yake kuna vishada vya bakteria vilivyobanana, na kuzunguka vishada hivyo seli zimejipanga tabaka kwa tabaka kama ganda la kitunguu. Huo ni mwili uliojaribu kumzungushia adui ukuta, na ukuta wa namna hiyo haujengwi kwa siku chache, achilia mbali katika maji baridi.

Nikarudi kwenye karatasi za kizimba. Samaki wale walikuwa wameingizwa baharini siku kumi na moja kabla sijawachukua.

Siku kumi na moja! Miezi mitatu nimekuwa nikiandika "maambukizi ya kizimbani" kana kwamba ni jambo lililothibitishwa. Wengine wangeweza kuambukizwa huko, sawa, lakini hawa watano walishuka kwenye mashua wakiwa tayari wamembeba.

12 Desemba

Kikao na msimamizi pamoja na daktari wa samaki anayehudumia vizimba hivi. Daktari hakushangaa nilivyotarajia. Alisema mashaka hayo yako miaka mingi. Kinachokosekana ni mtu wa kuyafuata nyuma hadi mwanzo.

Tulipiga hesabu ya chanjo. Kinga ya samaki huenda na joto la maji, kwa hiyo hupimwa kwa kuzidisha siku kwa nyuzi. Kwa samoni hesabu inayotajwa sana ni 500 baada ya chanjo ndipo aende baharini. Kundi letu lilikaa siku 30 kwenye maji ya nyuzi 8, yaani 240. Vibonge si samoni, na kipimo cha mmoja si lazima kimfae mwingine, lakini majaribio ya vibonge yenyewe yameonyesha kwamba waliochanjwa kwenye maji ya nyuzi 5 hutoa kingamwili haba kuliko waliokuwa kwenye maji yenye joto zaidi. Kwa vyovyote, hesabu ya 240 haifurahishi.

Tena chanjo hukinga, haitibu. Kama samaki alishambeba bakteria siku aliyochomwa sindano, hesabu yote hii haina maana. Daktari alisema hivyo huku akivaa koti, na ndilo neno lililobaki kichwani mwangu jioni nzima.

22 Januari

Kupima kingamwili kwa ELISA: imeshindikana mara ya tatu. Visima vyote vinageuka manjano, hata visivyo na damu. Naacha kwa sasa.

19 Februari

Tumeruhusiwa kuingia kitaluni. Viatu vyao, makoti yao, mikono imelowekwa kwenye dawa mara nne kabla sijaona samaki hata mmoja. Maji ya bahari yanavutwa kutoka kwenye kina kirefu, yanachujwa na kupitishwa kwenye mwanga wa UV. Sijaona uzembe wowote. Vifaranga wadogo kama punje za mbaazi wamejibandika kwenye kuta za matangi kwa maelfu, na ukipitisha kivuli juu yao wanageuka wote kwa pamoja.

Kisha tukaenda kwa wazazi. Hapa ndipo nilipotulia muda mrefu. Wazazi wengi wa vibonge huvuliwa baharini, kwa sababu ufugaji wa samaki huyu ni mchanga, ulishika kasi baada ya 2010, na koo zilizozaliwa utumwani kizazi baada ya kizazi bado ni chache. Majike ni ya kijanisamawati, madume kwenye msimu huwa mekundu tumboni. Wanakaa karantini, mayai yao yanaoshwa kwa dawa. Lakini dawa inaosha nje ya yai, na mzazi anayembeba bakteria bila dalili hana kidonda cha kukuonyesha.

Madume huuawa ili kutoa manii, maana kuyakamua akiwa hai ni vigumu. Nimeomba figo zao. Nimepewa sita, mbichi, zikiwa bado na uvuguvugu wa mikono ya fundi. Wote walionekana wazima kabisa: hakuna kidonda, hakuna kinundu, wengu safi. Hawakuwahi kuchanjwa, kwa hiyo safari hii hata PCR inaruhusiwa kusema.

24 Februari

PCR ya vapA: dume namba 3 chanya, lakini imechelewa mno kuonekana kwenye mizunguko ya kipimo (ishara dhaifu sana), karibu na mpaka ambao ningeuita uchafu wa maabara. Namba 1, 2, 4, 5 na 6 hasi. Nimerudia nikiwa na visima viwili vya maji matupu. Visima hasi, namba 3 bado chanya, bado imechelewa.

Sahani zake, siku ya tano: tupu.

27 Februari

Siku ya nane. Sahani ya dume namba 3 ina koloni mbili. Nimeziangalia kwa kioo cha kukuzia nikidhani ni mapovu ya agari. Si mapovu.

4 Machi

Oksidesi chanya, haogelei, buluu kwenye Coomassie, chenga chini ya mrija. vapA imesomwa: VI.

Nilitaka kuandika kwamba mnyororo umekamilika, na nimejikataza. Aina ya VI imeenea pwani nzima. Kusema kwamba bakteria wa baba na wa watoto ni mmoja kwa sababu wote ni VI ni sawa na kusema watu wawili ni ndugu kwa sababu wote wanavaa viatu namba 42. Zaidi ya hayo, sijui kama dume huyu amezaa yeyote kati ya samaki wangu watano. Kwa tarehe, haiwezekani. Ninachoweza kusema ni kwamba mzazi asiye na dalili amekutwa na bakteria aliye hai ndani ya figo, katika kitalu kilekile. Kinachofuata ni jenomu nzima: zile tano za vizimbani dhidi ya koloni za dume, herufi kwa herufi, tuone zinapishana kwa kiasi gani.

Maombi ya jaribio la maambukizi kwa samaki hai yamepelekwa Mattilsynet. Nimepunguza idadi ya samaki mara mbili, na nimeandika wazi dalili ambayo tukiiona samaki anauawa bila kusubiri afe mwenyewe: akiachia ukuta na asirudi.

6 Machi

DNA za aina sita zimetumwa leo mchana kwa ajili ya kusoma jenomu. Kabla ya kufunga boksi nimekagua kila mrija mara mbili. Penseli, karatasi ya kunata, na nakala kwenye daftari. Wanasema majibu huchukua wiki tano.

Kesho vizimbani tena. Maji yameshuka hadi nyuzi 5.